Muulize Shangazi wa Stesheni: Kero Ndogondogo Tu, Tafadhali

Kabla hujashika kalamu, soma hapa. Safu hii haipokei ndoa, mirathi wala mapepo. Ndoa ina wazee wake, kiwanja kina baraza lake, na mapepo yana wataalamu wengi mno, wengine wanabandika namba zao kwenye nguzo za umeme kutoka Moshi mjini mpaka Njiapanda ya Himo. Mimi nauza samaki jirani na stesheni ya Kahe, na kwa kipaji alichonipa Mungu nashughulika na yale ambayo mtu akiyasimulia mchana anaona aibu, ila usiku yanamkalia kifuani: chenji, sufuria, salamu, jogoo wa jirani. Andika kwa kifupi. Usiandike kwa wino mwekundu, natumia miwani ya kusomea.

*Shangazi, shikamoo. Jirani yangu aliazima hotipoti zangu tatu kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Zimerudi tatu, lakini kifuniko kimoja si changu. Changu nilikiwekea alama ya rangi ya kucha, msalaba mwekundu kwa ndani. Hiki kina doti ya kijani. Nilipomwonyesha akanijibu, "Si kifuniko hicho hapo?" Sasa hata kanisani nikimwona mahubiri yananipita. — Msalaba Mwekundu, Kisangesangeni.*

Marahaba, mwanangu. Jirani yako hana kifuniko chako, na ndiyo maana alikujibu kwa ukali. Angekuwa nacho angekujibu kwa upole sana.

Unajua shughuli zetu zilivyo. Vyombo vinatoka nyumba kumi, vinarundikwa nyuma ya jiko, vinaoshwa usiku na wasichana wanaosinzia, mmoja anamulika kwa tochi ya simu, mwingine anasuuza kwenye beseni ambalo maji yake yamekuwa mchuzi. Alfajiri kila mama anabeba kinachofanana na chake. Kwa hiyo mahali fulani hapo kijijini kuna mama amekaa anautazama msalaba mwekundu na kujiuliza doti yake ya kijani imeibiwa na nani. Huenda ameshapata mtuhumiwa. Huenda ni wewe.

Shughuli ijayo usikae mbele na wageni. Chukua kile kifuniko, funga kanga kiunoni, nenda nyuma ukaoshe vyombo. Kabla wali haujaisha utakuwa umegeuza kila kifuniko cha kijiji na kukiona tumbo lake. Usipokipata, bado utakuwa umepata habari ambazo waliokaa kwenye viti vya kukodi hawatazipata mwaka mzima.

Ila nimeirudia barua yako nikitafuta jambo moja, sijaliona. Kifuniko cha kijani kinafunga? Wali unafika mezani una moto? Basi ugomvi wako ni wa rangi ya kucha, na chupa yake dukani haizidi bei ya soda.

*Shangazi, shikamoo. Nilipanda daladala ya kutoka mjini, konda akabaki na mia mbili yangu. Kila nikimdai ananiambia, "Tulia mama, mbele nitakupa." Nimeshuka Oria bila kitu na gari likaondoka. Siku ya tatu leo sijapata usingizi. — Mia Mbili Yangu, Oria.*

Marahaba. Pole kwa hasara. Lakini piga hesabu vizuri: mia mbili umemwachia konda, na usingizi wa siku tatu umemwongezea kama bakshishi.

Wewe ni wa Oria, unaijua masika yetu. Mvua inanyesha Kilema, inanyesha Kirua, inanyesha Old Moshi. Sisi huku jua linawaka, kuku wanajipekulia vumbi. Usiku Mto Mue na Mto Rau inashuka imevimba, asubuhi masufuria yanaelea. Unatoka nje na ndoo kumlaumu jirani kwamba amezibua mtaro, kumbe maji yale yalianza safari yake mbali sana na mtaro wa jirani. Yule kijana naye ameamka saa kumi. Tajiri anataka hesabu yake ya siku, apate abiria asipate. Mafuta yamepanda. Trafiki amemwandikia. Huko kote kulinyesha, na wewe ndiye uliyekuwa umekaa bondeni, kiti cha dirishani.

Sisemi ana haki. Mia mbili ni yako. Ninachosema ni kwamba hakukuchagua wewe. Angebaki hata na ya askofu. Kuanzia kesho panda na chenji kamili mkononi, uone konda atakavyokuchukia.

*Mama, habari. Kijana wa jirani anapita mbele yangu kila asubuhi ameziba masikio kwa waya wa simu, haniamkii. Mimi ni mtu mzima, nimestaafu serikalini. — Mstaafu, Mabogini.*

Mwamkie wewe, kwa sauti ya mkutano, akiwa na wenzake: "Shikamoo, mzee!" Mara moja inatosha.

*Shangazi, shikamoo. Nimepanga chumba karibu na reli. Treni inapiga honi usiku wa manane mpaka mtoto anashtuka. Nimwandikie nani? — Mgeni, Kahe.*

Marahaba. Ulipopanga, reli ilikuwepo. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo hakuna aliyekuvizia. Tena treni ya abiria ilitutoka miaka ya tisini, tukakaa zaidi ya miaka ishirini tukisikia vyura tu, mpaka Desemba 2019 iliporudi. Siku hiyo watu wazima walitoka kuishangilia honi unayotaka kuiandikia barua. Mtoto ataizoea kabla yako.

*Shangazi, shikamoo. Nalima mpunga. Mwenzangu wa jaruba la juu anafungua geti usiku kwenye zamu yangu, na hii ni mara ya nne msimu huu. Saro 5 yangu imeanza kuwa ya njano. Mke wangu, ambaye anasoma safu yako, ananiambia, "Yaache yapite." — Jaruba Kavu, Chekereni.*

Marahaba, na mwambie mkeo asome na kurasa nyingine.

Yaache yapite nini? Maji ndiyo hayo, yameshapita, yameingia kwa mwenzako. Hili si la safu hii. Mara ya kwanza ningekuambia labda alisinzia akakosea zamu. Mara ya pili ningekutuma ukamwulize kistaarabu, mkiwa mmekaa. Mara ya nne ni wizi wenye ratiba.

Na msingi wa jambo lenyewe unaujua kuliko mimi. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, mpunga ulikubali mno. Ulikubali kiasi kwamba hata waliokuwa juu ya mifereji, ambao hawakuwa kwenye ramani ya mradi, wakaingia kwenye mpunga, na maji ya huku chini yakapungua. Ndiyo maana zamu ikawepo, na ndiyo maana zamu ni kitu cha kulindwa. Nenda kwa viongozi wa skimu mchana kweupe na shahidi aliyeona geti likiwa wazi. Panga liache nyumbani. Ukishinda kesi, ndipo uanze kujifunza kusamehe. Ukisamehe kabla ya kupata maji utakuwa umesamehe na njaa juu.

*Shangazi, shikamoo. Dada yangu ameolewa Kibosho. Mwezi jana aliezeka nyumba, akatuma picha kwenye grupu la ukoo. Niliifungua nikiwa shambani mikono ina tope, nikasema nitajibu jioni. Nikasahau. Ukoo mzima ulimpongeza, hata mjomba wa Mwanza ambaye huwa hajibu misiba. Mimi peke yangu nilionekana kwa tiki mbili za bluu. Dada amejitoa kwenye grupu. Mama anasema nimpelekee sale. Naweza kulipiga picha jani la sale nikamtumia? Nauli ya kupanda huko na kurudi si mchezo. — Bluu Mbili, Ghona.*

Marahaba. Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kama samaki wamechacha.

Kwa wasomaji wa mikoani: sale ni lile jani refu jembamba unaloliona mpakani mwa kihamba (shamba la nyumbani) na juu ya makaburi ya Wachagga, la kijani kiangazi na masika. Aliyekosa hulifunga fundo na kulipeleka, au humtuma mtu wa heshima alipeleke, na aliyepelekewa hatakiwi kufunga mlango. Makosa mazito yamepita kwenye jani hilo. Sasa wewe unataka kulitumia kwa tiki. Ukija kugonga ng'ombe wa mtu na pikipiki utatoa nini, shamba?

Na picha haifai hata kwa kosa kubwa. Kazi ya sale inafanywa na miguu ya anayelibeba. Utoke Ghona, ushuke mjini, utafute gari la Kibosho, usubiri lijae, ubanane na gunia la mchele wa mtu, kisha upande kile kilima kwa miguu na jua hili. Mtu akikuona umetokea kwenye migomba umelowa jasho, sehemu kubwa ya hasira inaishia hapo hapo, anaanza kutafuta maji ya kukupa. Simu haitoi jasho.

Mama yako yuko sahihi, amekosea kipimo tu. Acha jani, chukua kilo chache za mchele mpya, nenda mapema. Usingoje Desemba ukoo ujae. Mbele ya mashangazi jambo la tiki litageuka kikao, kikao kitaunda kamati, na kamati itataka mchango.

Usiniambie pia kwamba kununa hakuna gharama. Mimi nimekaa jirani na ushahidi. Hapa Kahe reli inagawanyika: moja ya kwenda Moshi, nyingine ya kwenda Taveta hadi Voi, ambayo Waingereza waliitandika mwaka 1916 wakati wa vita vyao na Wajerumani. Baadaye zote zikawa mali ya nyumba moja, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 ndugu wakagombana, shirika la ndege likavunjika, na mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba, treni ya Taveta iende wapi? Kugawana vyombo vya nyumba kukamshinda kila mtu, akaitwa Mswisi, Dakta Victor Umbricht, aje asuluhishe, na mkataba wa kugawana ukatiwa saini mwaka 1984. Kisha mwaka 1999 ndugu walewale wakakaa Arusha kusaini mkataba wa kuanzisha Jumuiya upya. Wao walikuwa na ndege, meli na mabehewa ya kugombania. Ninyi mna tiki.

Ukifika kwa dada usianze na habari za tope na mtandao. Salimia, kabidhi mchele, toka uwanjani, tazama juu kwa muda wa kutosha. Halafu uliza ni geji 28 au 30. Akianza kukueleza bei, aliponunulia na fundi alivyotaka kumwibia misumari, kaa kwenye kigoda usikilize mpaka mwisho. Kwenye grupu atarudi mwenyewe, na atakuwa wa kwanza kukutania.

*Shangazi, shikamoo. Shemeji yangu anakuja na familia kila Krismasi kutoka Dar es Salaam. Analalamika joto, anasema alidhani Kilimanjaro ni baridi. Kisha kila nikimpa kikombe anakifuta kwa tishu kabla ya kunywa. Hasemi kitu, anafuta tu. Nitamvumilia vipi? — Mwenye Vikombe, Kochakindo.*

Marahaba. La joto msamehe bure. Watu wengi waliouona mlima kwenye noti na makopo ya chai hawajui kwamba mlima una miguu, na sisi ndio tunaokaa kwenye vidole.

La kikombe nimelifikiria sana kuliko inavyostahili. Mtu anayefuta kikombe kwake, anafuta hotelini, anafuta kwa mama yake mzazi. Mtazame akiwa msibani, utamwona anafuta. Mkono wake una tabia hiyo, na hakuipata kwako. Mwaka huu mwekee boksi la tishu mezani, karibu na sukari, bila neno. Atatumia, atashukuru, na wewe utakuwa na kazi ya kujizuia usicheke, ambayo ni nyepesi kuliko ya kujizuia usilie.

*Shangazi, nilikuandikia tangu masika, kurasa mbili mbele na nyuma, hujanijibu. Nimeumia sana. Sisomi tena safu yako. — Aliyepuuzwa, Kyomu.*

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Barua niliipata. Haikuwa na swali, ilikuwa na majina ya majirani na makosa yao kwa mpangilio wa nyumba. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, karatasi nzito kama ile hapa sokoni ina kazi. Niliifungia perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, mteja akashuka nao Uchira. Kama aliisoma njiani, tegemea jibu kutoka kwake.