Kamera Yangu Imepata Mwizi

Keti hapo bwana, mwambie muuza chai anitilie na mie. Utalipa wewe. Mwenzio nimefilisika.

Chanzo ni Wamarekani. Mwaka 2018 katokea bwana mmoja wa televisheni, Forrest Galante, kipindi chake kinaitwa Extinct or Alive. Katega kamera humu humu Unguja, zile za kufunga mtini, zinajipiga zenyewe. Usiku likapita dude. Dunia nzima ikaambiwa chui wa Zanzibar yu hai. Wataalamu wengine wakasema ngojeni kwanza, hiyo haitoshi. Mie sikungoja. Mie nilisikia dola tu. Msitu wa Kiwengwa si mbali, maweni ya nyuma ya nyumba yangu hapa Matemwe unayaona, na kuku wangu wanaliwa kila usiku. Nani anawala kama si chui? Mke wangu akasema ngawa. Nikamwambia mama, usiniharibie biashara. Akanikumbusha kwamba hata Jozani, mwaka 2003, Helle Goldman na mwenziwe walitega kamera, chui hawakumuona, wakatoka na picha za kanu. Haya mambo anayajulia wapi mke wangu? Mie mwenyewe sijui.

Shemeji yangu yuko Muscat. Kule Oman chui wao wa Jabal Samhan, upande wa Dhofar, wanafuatwa kwa kamera hizi hizi miaka mingi. Nikampigia, nikamlilia, akanipatia moja. Ya bei poa. Sasa bei poa ina mambo yake. Kamera hizi hujipiga kikipita kitu chenye joto. Matemwe saa saba mchana nini hakina joto? Jani lina joto. Nikaenda kutazama, nikakuta jani. Jani linakwenda kushoto. Jani linarudi kulia. Mbuzi wa jirani. Kima. Bibi mmoja na mzigo wake wa kuni. Halafu, Yarabi, mie mwenyewe kwa nyuma, nimeinama, kikoi kimeteremka. Na hiyo ndiyo iliyotoka safi kuliko zote! Nikazitia kwenye simu, nikenda maskani kuwaonesha kima. Kidole cha mtu kikateleza mpaka kwenye kikoi. Tangu siku hiyo nikipita wanaulizana, huyu ndiye yule chui?

Hayo ya mchana. Usiku kamera ina taa yake. Kuna ya nanomita 940, hiyo jicho la mtu haliioni. Kuna ya 850, hiyo ikiwaka inaonesha wekundu kidogo. Shemeji kachagua 850, rahisi. Kwa hiyo usiku, katikati ya maweni, panawaka vijicho vyekundu, vinazimika, vinawaka. Kijiji kikachemka. Chui karudi! Na wewe unajua, huku kwetu chui hakuwa mnyama tu. Alikuwa na mwenyewe. Wachawi wanamfuga, wanamlisha, wanamtuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mganga Kitanzi alizunguka kisiwa na watu wake kuwasaka wachawi na chui wao kwa mpigo. Wazee hawajasahau. Basi wazee hao hao wakawa wananiona mie naingia maweni magharibi, peke yangu, natoka peke yangu, sisemi na mtu. Jumlisha mwenyewe. Mzee mmoja akanivuta pembeni, akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, chui wako si unamwita tu anakuja? Kamera ya nini tena?"

Wasasi wakaja na mbwa wao kumsaka huyo chui. Mbwa wakabweka, wenyewe wakapiga makelele, wakatimua paa, jioni wakarudi kwao. Nikaenda kutazama kamera. Mkanda upo, umekatwa safi. Kamera hakuna.

Sasa usidhani sikujihami. Mpwa wangu anasoma chuo, akanipa habari zote. Kumbe wizi huu uko dunia nzima. Waliulizwa watafiti zaidi ya 400 wa nchi 59, hasara yao kati ya 2010 na 2015 ikapita dola milioni moja. Dawa zao? Kasha la chuma na kufuli. Shemeji hakuleta kasha. Au uifunge juu mita tatu, uielekeze chini. Mita tatu! Maweni ya Matemwe, mti ukikufika begani huo umejitahidi. Au utege kamera ya pili ilinde ya kwanza. Na ya pili ailinde nani, mie?

Ikabaki dawa ya bure. Mwaka 2014 watafiti waliandika jaribio lao la mji wa Munich, Ujerumani. Walitega vyombo bandia, wakavibandika maneno: vingine ya upole, vingine ya kawaida, vingine ya vitisho. Vile vya upole ndivyo watu hawakuvisumbua sana. Aa, upole si ndio kwetu! Nikaandika: "Assalaam alaykum ndugu yangu. Kamera hii inamtafuta chui, haikutafuti wewe. Iache, tafadhali. Mwenyewe namba yake hii hapa."

Mwizi kaenda na kamera, na karatasi kaenda nayo. Nikashangaa, karatasi ya nini? Usiku nikaelewa. Simu ikabipu. Nikapiga mie, kwa salio langu. "Shikamoo mzee. Hii kamera inataka namba ya siri." Usingizi umenishika, nadhani ni mpwa wangu. Nikamtajia. Akasema ahsante mzee wangu, Mungu akuweke. Adabu tele, wallahi. Asubuhi nampigia, hapatikani.

Nikenda kwa mzee mmoja mwenye cheo chake, simtaji. Risiti iko wapi? Sina. Kibali cha kutega chombo porini? Sina. Pori ni lako? Si langu. Akanisomea: sheria ya ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Rais. "Sasa wewe umefunga kitu chako kwenye mti wa umma, unapiga watu picha." Nilikwenda kushtaki, nikatoka karibu nimeshtakiwa.

Na mke wangu akaongeza lake. Huko maweni, akasema, anapita mkata kuni asiye na kibali. Anapita mtega paa nunga, na nunga ni marufuku. Anapita kijana na mchumba wa mwenziwe. Anapita shangazi yako na kanga moja. Wote umewapiga. Unataka nikutajie nani hana sababu ya kuiba kamera yako? Nikafikiri. Nikamkosa.

Basi wewe unayekaa hapa kibandani unaona watu wengi, nifikishie salamu. Aliyenayo, kamera abaki nayo, namba ya siri ninajua anayo. Anirudishie kadi tu, nimjue anayekula kuku wangu. Ile ya kikoi aifute. Na asinibipu. Apige.