Kupimwa Figo kwa MRI: Mwongozo kwa Mwana Masisi na Walikale

Kwanza, uifuate mashine, maana yenyewe haikufuati. Masisi haiko, Walikale haiko. Wa Masisi atafute pikipiki hadi Sake, kisha Goma, mfukoni akiwa na noti ndogondogo za vizuizi. Wa Walikale aombe mvua isinyeshe. Chukudu usipande, inafaa viazi. Ukifika Goma, endelea kuulizia mbele.

Ukiiona mashine, usianze kuringa kwamba ni ndugu wa milima yenu. Kweli, koltani ya Rubaya ina tantali na niobi, na nyaya za sumaku ya MRI ni za niobi na titani, zimezamishwa kwenye heli yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Lakini niobi nyingi ya dunia hutoka Brazili. Tantali yenu, pamoja na bati ya Bisie, itafute kwenye simu utakayoambiwa uiache mlangoni.

Uache na funguo, na panga kama unalo. Hapa mzaha ukome kidogo: kama una kipande cha bomu mwilini, hata cha vita ile ya kwanza, kitaje. Wewe umekisahau, sumaku haitakisahau.

Ndani utaambiwa ubane pumzi, kwani figo hupanda na kushuka ukipumua, picha ikachafuka. Usishangae kukosa sindano. Mashine huyatia alama ya mawimbi ya redio maji ya damu yakiwa bado kwenye mshipa mkuu, kisha huhesabu yanayofika kwenye figo. Kwa mtu mzima figo zote mbili hupokea takriban lita 1 ya damu kila dakika. Huona pia sehemu yenye njaa ya oksijeni, maana damu iliyoishiwa oksijeni huvuruga usumaku. Wakileta dawa ya gadolini, uliza ni aina gani: baadhi ya zile za zamani ziliwakakamaza ngozi wenye figo zilizochoka.

Sasa, kabla hujauza mbuzi kwa ajili ya safari, pita kituo cha afya. Malaria kali huua figo, diklofenaki ya sokoni nayo huisaidia. Muuguzi atachovya kijiti kwenye mkojo wako, atakipeleka dirishani. Kiraba cha njano kikigeuka kijani, protini inavuja. Kijiti hakitaki heli wala jenereta. Ulizia tu mapema kama vimebaki.