Ukitaka Kuwa Mkalimani wa Lugha ya Alama Yaeda Chini

Anza kwa kufunga mdomo. Katika bonde hili la Mbulu utasikia Kihadzabe chenye vidoko, Kidatoga, Kiiraqw na Kiswahili, na kila mwenyeji atakuhimiza ujifunze cha kwake. Mtoto kiziwi wa hapa hakusikia hata kimoja. Ana ishara alizozibuni na mama yake na wadogo zake: ya asali, ya ng'ombe aliyepotea, ya mgeni mwenye gari. Kaa chini akufundishe. Cheti chako cha Lugha ya Alama ya Tanzania kiache mfukoni, maana lugha hiyo imekulia kwenye shule za viziwi, kuanzia ile ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1963, na Tabora ni mbali mno na boma la baba yake. Utamfundisha baadaye, kidogo kidogo, na vizuri zaidi ukiwa na mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi.

Vaa shati la rangi moja, kwa sababu maua ya kitenge yanameza vidole. Usilipe jua mgongo: uso wako utakuwa kivuli, na nyusi ndizo zinazouliza maswali. Usiku sogea motoni, mikono imulikwe.

Kisha nenda mkutano mkuu wa kijiji. Huko ndiko kazi iliko. Wahadzabe wa bonde hili walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, na mambo ya malisho, misitu na fedha za kijiji huamuliwa na wakazi wenye miaka 18 na kuendelea. Kiziwi ni mkazi. Akinyoosha mkono kwa kuwa jirani kanyoosha, hajapiga kura. Mwenyekiti akikuambia "mwambie huyu," mwombe kwa heshima: "Mzee, mtazame yeye, sema naye."

Mkutano ukiisha usikimbilie gari. Waganda waliitaja lugha ya alama katika Katiba yao mwaka 1995, Wakenya mwaka 2010, na sisi tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka huohuo wa 2010. Ukiwa na sheria hiyo mkononi, mshike mtendaji wa kijiji, keti naye mpaka posho ya mkalimani iingie kwenye bajeti ya kijiji. Halafu tafuta kijana wa hapohapo umrithishe kazi, na viziwi wenyewe ndio wamchague.