Namna ya Kuzuru Minara ya Svaneti Bila Kuaibisha Ukoo

Svaneti iko kaskazini-magharibi mwa Georgia, juu kabisa kwenye milima ya Kaukazi. Ndege ndogo ya kwenda Mestia, mji wa huko, ipo. Kata tiketi, watambie majirani, kisha tafuta usafiri wa kweli, maana wingu likinuna ndege hairuki.

Usafiri wa kweli ni marshrutka. Aliyekulia kwenye daladala hahitaji mafunzo: inaondoka ikijaa, na saa uliyotajiwa ni ya kukuliwaza tu. Dereva akipita kanisa hupiga ishara ya msalaba mara tatu, na makanisa ni mengi. Mkono wa pili una sigara. Usiulize usukani umeshikwa na nani. Wewe tazama bwawa la Enguri, ukuta wenye kimo cha mita 271, ujifanye umevutiwa na uhandisi.

Ukifika kijiji cha Ushguli, mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari, piga picha ya mnara na mlima Shkhara nyuma yake, kama wenzako wote waliotangulia. UNESCO waliiingiza Svaneti ya Juu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, kwa hiyo usidhani umeivumbua wewe. Na usimdadisi mwenyeji mnara wake ulijengwa kumzuia nani. Unategemea atataja majeshi ya kigeni. Huenda jibu ni jirani, babu wa huyohuyo anayekukodishia farasi. Visasi vya damu huku vilirithiwa kama shamba.

Panda mnara kabla ya kula. Tundu la kutokea ghorofa moja hadi nyingine ni la mtu mwembamba anayekimbizwa, na likikubana katikati hakuna namna ya heshima ya kuomba msaada. Wenyewe walikuwa wakishafika juu wanavuta ngazi, adui abaki chini akitukana.

Baada ya hapo, meza. Utaletewa kubdari, mkate uliojazwa vipande vya nyama, wenye chumvi ya Kisvani iliyotwangwa na kitunguu saumu, giligilani na uwatu. Sifia kipande cha kwanza kwa kiasi, la sivyo utaletewa mzima. Mkuu wa meza, tamada, ataombea amani, wazazi, watoto na marehemu, kila dua na glasi yake ya chacha, pombe kali ya zabibu. Kama hunywi, sema mapema kwamba uko kwenye dozi. Ukichelewa hadi dua ya marehemu, kukataa ni kuwatukana watu wasioweza kujitetea.