Mjomba Hakubonyeza "Ruhusu"

Mnh! Jamani, watoto wa chuo wana kazi.

Jana tuko kijiweni Msewe, mkono wangu wa drafti umekaa vizuri, dogo mmoja wa mwaka wa pili kaja kajikunja pembeni kama kuku wa mvua. "Shikamoo wazee." Marahaba, vipi, bumu halijatoka? Akanipa simu nisome.

Meseji kutoka programu ya mikopo imekwenda kwa mjomba wake Kahama, kwa mwenye nyumba, kwa mchungaji, mpaka kwa fundi aliyemshonea begi mwaka juzi: mwambieni tapeli huyu alipe deni letu. Jina lake kamili lipo, na ile picha aliyojipiga kashika kitambulisho. Deni lenyewe? Elfu thelathini! Na mkononi alipata ishirini na moja tu, iliyobaki ikakatwa juu kwa juu, arudishe yote ndani ya siku saba. Nikasonya mpaka muuza kahawa akageuka.

"Si alikopa mwenyewe?" akadakia bodaboda. Sawa, alikopa. Bumu limechelewa, tumbo halijui kusubiri. Lakini siku anapakua ile programu iliomba kuona majina yote kwenye simu, na picha, na mahali alipo. Yeye ruhusu, ruhusu, ruhusu, kama anayefukuza nzi. Majina yakasafiri kabla hajaona hata senti. Sasa ameifuta programu anadhani yamekwisha. Wapi! Majina yapo kwao.

Wakopeshaji wa kausha damu mtaani hubeba kochi na televisheni, ukaona mlangoni kinatoka nini. Hawa hawaji hata mlangoni.

Wala si siri. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya mwaka 2022, ilianza kazi Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Nilimwambia dogo hifadhi hizo meseji usizifute kwa aibu, ndiyo ushahidi wako, uzipeleke. Akaitikia huku macho yake yapo chini. Aibu bwana! Mjomba ndiye anayemtumia nauli, na tangu juzi hapokei simu.

Hapo ndipo hoja ya bodaboda inapoanguka. Mjomba hakukopa. Mchungaji hakukopa. Namba zao dogo alikuwa amekabidhiwa tu, kama mtu anavyokuachia ufunguo.

Nikauliza kwa utani, mimi umeniandika nani humo? "Mzee Drafti." Nikafungua simu yangu. Meseji ipo, ya saa kumi na moja alfajiri, niliipuuza nikidhani ni wale wa "ile hela tuma namba hii."

Kwa hiyo wewe mwenye namba yangu, kabla hujabonyeza ruhusu, pitia kijiweni kwanza. Elfu thelathini tutakuchangia.