Mashine ya Maji kwa Fundi Mpya wa Marumaru

Mdogo wangu, umeshajifunza kazi, una pima maji, mwiko, nyundo ya mpira na mteja mmoja, ambaye ni shemeji yako. Sasa unataka mashine ya kukatia marumaru. Kabla hujashuka mjini na fedha mfukoni, panda kwanza mwinuko wa Malimbe, hapa kwetu Nyegezi, kwa miguu saa saba mchana, begani una mfuko wa saruji wa kilo 50. Ukifika juu ukiwa bado unaitamani ile mashine kubwa yenye reli na miguu ya chuma, kainunue. Wengi tamaa huwaishia kwenye mwamba wa kwanza.

Kazi ya Nyegezi iko miinukoni. Kituo cha mafunzo kilichoanza hapa mwaka 1960 ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Wanafunzi wanataka vyumba, na mwenye kiwanja anajenga hosteli. Hosteli ni vyoo vingi vidogo: kona, sketi, tundu la bomba, mzunguko wa sinki. Choo kimoja kina mikato ya kero kuliko sebule nzima. Anayenunua mashine ya sebule ya mheshimiwa wakati kazi aliyonayo ni vyoo vya hosteli, amenunua kitu cha kupigia picha.

Kwa hiyo anza na kikata cha mkono, kile chenye reli na kigurudumu kidogo. Unachora mstari, unabonyeza, marumaru inapasuka. Hakili luku, hakipandishi wingu la vumbi, na kinapanda bodaboda bila ugomvi. Mikato yote mirefu iliyonyooka ni yake. Ila beba futi yako dukani. Marumaru ya 60 kwa 60 ukiikata mshazari, mkato una karibu sentimita 85. Kikata cha sentimita 60 kitaishia njiani, na muuzaji hatakukumbusha.

Mashine ya maji inafuata kwa yale yaliyobaki: mkato wa kona ya ndani, kipande chembamba cha vidole viwili, ukingo wa nyuzi 45, na marumaru ngumu zinazoitwa granaiti. Hizo ngumu utazijua hivi: geuza marumaru, dondosha maji mgongoni. Nyingi za ukutani huyanywa ukiangalia. Ile ngumu huyaacha juu, kwa sababu kiwango chake cha kunyonya maji hakizidi asilimia 0.5. Basi kwa kuanzia inakutosha ile mashine ndogo ya mezani yenye diski ya inchi 7, inayozungukia kwenye trei ya maji chini yake.

Dukani usikubali kuwashiwa tu na kusikilizishwa mlio. Mlio hauchongi sketi. Mwambie muuzaji achomoe waya, kisha zungusha diski kwa mkono huku umeshikilia ncha ya penseli karibu kabisa na ubavu wake. Ncha ikiguswa upande mmoja na kuachwa upande mwingine, diski au ekseli imepinda. Pima umbali kutoka kwenye diski hadi kwenye chuma cha kuegemeza, mbele na nyuma. Vipimo visipolingana hata kwa milimita mbili, marumaru itabanwa katikati ya mkato na rangi itameguka, nawe ndiye utakayeilipa. Inama uangalie trei kama ina kizibo. Isiyo nacho utaipindua kila jioni kumwaga tope, na mota iko hapohapo.

Diski ya marumaru ni ile yenye ukingo mzima. Yenye mapengo waachie wakata zege. Ikianza kusuasua usiikandamize wala usikimbilie kununua nyingine: almasi zimefunikwa. Ikatishe mara kadhaa kwenye kipande cha tofali la saruji, chuma kinachozishika kitalika na almasi zitatokeza tena. Na unapokata, upande wa rangi ukae juu.

Sasa utaniambia mafundi wote unaowajua wanatumia grinda kavu. Ndiyo, na ukipita saiti utamwona mmoja mweupe hadi kope kama aliyelala kwenye mashine ya kusaga, akikohoa na kusema amezoea. Mapafu hayazoei. Vumbi lile lina silika, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 1997 kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mbali na saratani, huleta makovu ya mapafu yasiyopona, na mwenye makovu hayo kifua kikuu humpata kwa urahisi. Kazi kubwa ya yale maji kwenye trei ni kulizuia vumbi hilo lisiruke.

Usipate pia ujanja wa kumpa saidia fundi chupa ya soda yenye maji akunyunyizie juu ya grinda ya umeme. Grinda ile haikutengenezwa kwa maji, na umeme wetu ni volti 230. Mashine ya maji iwe na plagi ya pini tatu na soketi yenye waya wa ardhini. Ekstensheni uitundike juu, na waya ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yaishie hapo. Nyumba isiyo na swichi ya kukata umeme unapovuja, nunua ya kubebeka kabla ya diski ya pili.

Jioni, tope usilimwage kwenye choo ulichomaliza kujenga, litaganda kwenye bomba. Lizoe lingali bichi, kwa sababu likikauka ni vumbi lilelile. Na anayefagia vumbi hilo ni saidia fundi, kijana wa watu uliyemwita asubuhi pale stendi. Mnunulie barakoa ya vumbi kama yako, na mwambie anyunyize maji sakafuni kabla ya kushika ufagio.