Kishika Uchumba cha Figo

Zamani kijana akienda kuposa alitanguliza kishika uchumba, halafu mahari, na bado angeweza kunyimwa mke. Siku hizi tunaposa vitanda vya hospitali. Ukitaka kubadilishiwa figo Chennai, India, hospitali hukutumia makadirio: dola juu, dola chini, na mkiani kamstari kadogo kwamba gharama halisi huenda zikapanda. Huenda! Hata nyanya za Kariakoo hupanda bei kwa ujasiri zaidi.

Mshenga yupo. Anaitwa wakala, mpole kama mkwe mpya, anayejua njia ya viza ya matibabu na njia fupi zaidi ya kamisheni yake. Nyumbani, kundi la WhatsApp linafunguliwa. Mjomba aliyechangia harusi kwa vishindo leo anatuma dua, tena ya sauti, dakika tatu nzima. Shamba linauzwa. Benki nayo inakata chake, maana dola haisafiri bila nauli.

Arbuni ya hospitali inatangulia. Mgonjwa anabaki kwenye foleni ya viza, pesa zake zikiwa zimeshalazwa.

Na figo? Uje nayo. Kwa kawaida mgeni hutakiwa kuongozana na ndugu yake atakayemtolea. Yaani umeposa, umelipa mahari, na bibi harusi umembeba mwenyewe toka kwenu.

Aprili 2001, jijini Abuja, viongozi wa Afrika nao waliposa: waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Wao hawakudaiwa arbuni.